Kambale wa Bwawa la Shule

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, wanafunzi wawili wa darasa la sita walikuwa na zamu ya kulisha samaki wa shule. Wiki ile zamu ilikuwa ya Chiriku na Kobe. Mama yake hakumwita Chiriku. Jina hilo alilipata darasa la kwanza, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Kobe naye aliitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ilipomkuta uwanjani. Walikuwa marafiki wakubwa. Mmoja alisema, mwingine alisikiliza, na wote wawili waliridhika.

Bwawa lilikuwa nyuma ya madarasa, likipakana na bustani ya mboga. Chiriku alichota pumba kwenye ndoo, akairusha majini. Kwa kawaida maji yalichafuka papo hapo, perege wakipanda juu kwa makundi na kugombania chakula kama watoto waliofunguliwa mapumziko. Asubuhi ile walikuja wachache, tena kwa woga. Walidonoa kidogo, wakazama.

"Wamesusa," alisema Chiriku. "Au pumba imechacha. Hebu inuse, Kobe. Mimi ningekuwa samaki nisingekula kitu kinachonuka kama soksi."

Kobe hakunusa. Alikuwa amechuchumaa ukingoni, macho majini. "Yule pale hana mkia," alisema polepole. "Umeliwa."

Chiriku aliinama kutazama. Wakati huohuo maji yaligawanyika mbele yao. Kichwa kipana, cheusi, kilichobapa kama sepetu, kilijitokeza na sharubu ndefu pande zote. Kilifungua mdomo, kikavuta hewa, kikafumba, na perege aliyekuwa karibu hakuonekana tena. Kisha vyote vikatoweka.

Macho yalimtoka Chiriku pima. "Mwalimu!" alipiga kelele, na mbio zake zilimwaga pumba yote njiani. "Mwalimu, bwawani mna jitu lenye sharubu!"

Mwalimu wa Sayansi alikuja na chaki mkononi. Alisikiliza maelezo, akazunguka bwawa, akasimama kwenye mfereji unaoingiza maji. Wavu wa waya uliowekwa mdomoni mwa mfereji ulikuwa umechanika.

"Huyo ni kambale," alisema. "Mvua zile kubwa ziliponyesha, lazima aliingia akiwa mdogo kutoka mtaroni. Amekaa humu anakula na kunenepa, na chakula chake ni samaki wetu."

Habari hiyo ilikuwa mbaya kuliko ilivyosikika. Ijumaa gari la kituo cha kuzalisha samaki lingeleta vifaranga wa perege. Darasa la sita lilikuwa limehangaika muhula mzima kung'oa magugu na kusafisha kingo ili shule ipewe vifaranga hao. Wakimwagwa majini pamoja na kambale, wangeliwa kama njugu. Na kama shule isingekuwa tayari siku hiyo, gari lingewapelekea wengine, nao wangesubiri hadi mwaka ujao.

"Tumtoe kwa wavu, Mwalimu," alipendekeza mmoja.

"Chini kuna mawe na vyuma vilivyobaki wakati wa ujenzi. Wavu utachanika."

"Tukaushe bwawa basi!"

"Na mboga tutazimwagilia machozi yenu?" Mwalimu alitabasamu kidogo. "Hapana. Huyu ni wa kuvuliwa kwa ndoana. Nani anajua kuvua?"

"Mimi!" Mkono wa Chiriku ulikuwa juu kabla akili haijaulizwa. Kobe alimgeukia, akamtazama. Alijua vizuri kwamba rafiki yake hajawahi kuvua hata dagaa. Aliwahi tu kumbebea shangazi yake kopo la chambo.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu. "Wewe na Kobe mtaongoza kazi hii. Mtavua mchana, nikiwapo. Tuna mpaka Ijumaa."

* * *

Shangazi yake Chiriku alikuwa fundi bomba. Chumba chake cha mbele kilijaa mabomba, koki na viungio, na ukitaka kuketi ilikupasa kwanza uhamishe kitu kizito. Siku za mapumziko hakukosekana mtoni. Chiriku na Kobe walimkuta akinoa msumeno.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Mbona mnahema? Nani kawafukuza?"

Chiriku alieleza yote kwa pumzi moja, hadi kwenye mkono aliounyosha. Shangazi alicheka mpaka msumeno ukamponyoka.

"Kwa hiyo umejitangaza bingwa, halafu unakuja kujifunza jioni! Haya, kaa. Sogeza hiyo koki."

Alishusha kisanduku cha bati kutoka rafuni, akakifungua. Ndani mlikuwa na ndoana za kila namna, nyingine nyembamba kama sindano, nyingine nene kama msumari. Chiriku alinyakua ndogo moja inayong'aa. "Hii! Hataiona."

"Kambale haoni vizuri hata hivyo. Anaishi kwenye tope, atatumia macho kutazama nini? Sharubu zake ndizo pua na ulimi. Anapita chini akipapasa na kunusa. Kwa hiyo usihangaike kumficha kitu, hangaika kumnukishia." Shangazi aliichukua ile ndoana ndogo, akairudisha. "Na kinywa chake ni mlango wa kabati. Hii ataimeza kama kidonge, au itanyooka ukimvuta. Tazama hii."

Ilikuwa nene, imejikunja mviringo, ncha yake ikielekea ndani.

"Imekosewa," alisema Kobe. "Ncha haielekei nje. Itamnasaje?"

"Swali zuri. Akichukua chambo na kuondoka, yeye mwenyewe ndiye anayeigeuza, ikamshika pembeni mwa mdomo. Kazi yako ni moja tu: usivute ghafla. Ukivuta ghafla inamtoka mdomoni, nzima kama ilivyoingia. Acha mshipi wa ndoana ukaze wenyewe, ndipo uinue fimbo ya kuvulia taratibu." Alimtazama Chiriku. "Utaweza kutulia, wewe?"

"Nitaweza, shangazi. Mimi mbona mtulivu sana!"

Kobe alikohoa.

Shangazi aliwaonyesha jinsi ya kufunga chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi hadi chini. Kisha akataja vyambo: nyungunyungu, donge la unga, maini ya kuku. "Ncha ya ndoana iachwe wazi kidogo, msiifukie ndani ya chambo. Mengine bwawa lenyewe litawafundisha. Mimi nimezoea mto, na maji yaliyotulia yana mambo yake."

* * *

Kesho yake mchana nusu ya shule ilijipanga ukingoni. Mwalimu wa Sayansi aliwazuia wote nyuma ya kamba, isipokuwa wavuvi wawili.

Walianza na nyungunyungu. Mshipi ulitikisika mara moja, na umati ukapiga ukelele. Chiriku aliinua fimbo. Ndoana ilikuwa tupu, imesafishwa kama sahani ya mgeni mwenye njaa. Wakaweka mwingine. Naye akaenda. Perege wadogo walikuwa wanamdonoa nyungunyungu kipande kwa kipande kabla kambale hajasikia hata harufu.

Walijaribu donge la unga, likayeyuka majini. Walijaribu ini la kuku. Lilikuwa laini mno, na Chiriku aliporusha mshipi, ndoana ilienda upande mmoja na ini likaenda upande wa pili, likatua kwenye kola ya kiranja mkuu. Watu walicheka hadi mbavu zikawauma. Chiriku alijikaza kisabuni, lakini masikio yalimwaka moto.

"Tubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati," alisema Kobe baadaye. "Ini linanuka sana, hilo ni jema. Shida ni kwamba halishiki. Basi tulifunge."

Alitoa uzi wa kushonea mfukoni, akalizungushia ini pamoja na ndoana, mzunguko kwa mzunguko, bila haraka, mpaka likakaa imara na ncha ikachungulia nje. Chiriku alirusha. Lilifika zima.

Walingoja. Watazamaji walichoka, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Ghafla mshipi ulienda upande, polepole, kama mtu anayevuta shuka usingizini.

"Huyo! Huyo! Kobe, huyo!" alipiga kelele, na kwa nguvu zake zote akaivuta fimbo juu.

Uzito mkubwa ulimjibu mara moja, kisha ukapotea. Ndoana ilirudi ikiruka hewani, na vipande vya uzi vikining'inia.

Kobe hakumlaumu. Alichukua ndoana, akaanza kufunga ini jingine.

"Nimevuta," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

"Umevuta," alikubali Kobe.

Jioni ile Chiriku alimwomba Shangazi ashike ncha ya mshipi uani, ajifanye kambale. Shangazi alivuta polepole, akavuta kwa nguvu, akaacha, akajifanya anaondoka. Kila Chiriku aliporusha mikono, Shangazi alisema, "Nimekimbia," na walianza upya. Walifanya hivyo hadi mama akawaita kula, na hata mezani Chiriku alikuwa bado anainua kijiko taratibu.

* * *

Ijumaa ilifika. Darasa la sita liliruhusiwa kwenda bwawani tangu asubuhi, kwa kuwa gari lilitarajiwa kabla ya mchana. Shangazi naye alikuwapo. Mwalimu Mkuu alikuwa amemwita kurekebisha bomba la bustani, na ni ajabu jinsi bomba hilo lilivyohitaji kutengenezwa kwa kutazama upande wa bwawa.

Mshipi ulisogea. Chiriku alifunga mdomo, akaubana kwa meno. Fimbo hakuivuta. Mshipi ulikaza, ukakaza zaidi, fimbo ikainama. Ndipo akaiinua taratibu, kama alivyofanya na kijiko.

"Ameshika!" alisema Kobe, na kwa mara ya kwanza katika historia ya shule, Kobe alikimbia. Alikimbilia wavu wa mkono. Samaki alipiga maji, akazunguka, akachoka. Kobe alimkinga kwa wavu, wakamtua kwenye majani. Alikuwa kambale kweli, mweusi, anayeteleza, mrefu kama mkono wa mtoto, na ndoana ilikuwa pembeni mwa mdomo wake kama ilivyoelezwa.

Darasa zima lililipuka kwa shangwe. Walimnyanyua Chiriku mabegani, wakaimba, wakapiga ndoo kama ngoma. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini akiwa na simu sikioni. "Safi kabisa! Dereva yuko njiani. Namwambia bwawa liko salama, aje moja kwa moja!"

Kutoka juu ya mabega ya wenzake, Chiriku aliona mbali kuliko wote. Wenzake walimtazama yeye na kambale wake. Yeye alitazama maji. Upande wa pili, karibu na matete, perege waliruka juu wote kwa pamoja, na nyuma yao kichwa kipana cheusi kikapanda, kikavuta hewa, kikazama. Kilikuwa kipana kuliko kichwa cha samaki aliyekuwa majanini. Kilikuwa kipana kama sepetu.

Wimbo uliendelea. Jina lake lilikuwa ndani ya wimbo. Hakuna mwingine aliyeona. Akinyamaza, siku hii itabaki kuwa siku yake. Akisema, shangwe itakufa, gari litageuka na pengine kwenda shule nyingine, na wote watamnunia yeye. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Aliwatazama wenzake waliong'oa magugu hadi mikono ikachubuka.

"Nishusheni," alisema. "Nishusheni jamani! Bado. Kuna mwingine."

Ndoo zilinyamaza moja baada ya nyingine.

"Mwingine wapi?"

"Pale kwenye matete. Nimemwona akivuta hewa. Huyu tuliyemtoa si yule wa kwanza. Yule ni mkubwa zaidi."

"Chiriku, hujachoka kuongea?" alifoka kiranja mkuu, ambaye hakuwa amesahau habari ya ini. "Sisi hatujaona kitu. Unataka uvue tena, uimbiwe tena!"

Wengine waliguna. Mwalimu Mkuu alishusha simu sikioni. Machozi yalimlenga Chiriku, akamtazama Kobe.

"Mimi sijaona," alisema Kobe, na kila mtu akamgeukia kwa sababu Kobe hakuwa mtu wa kusema hadharani. "Lakini Chiriku akitia chumvi, huwa anajisifu. Leo alikuwa anasifiwa tayari. Atie chumvi ili iweje?"

Mwalimu wa Sayansi alimwinamia Chiriku. "Una hakika?"

"Nina hakika, Mwalimu."

"Basi hatujamaliza." Alitoa kisu kidogo, akampasua yule kambale tumbo mbele yao. Ndani mlikuwa na perege wadogo, wengine wazima kabisa. "Tazameni. Kambale hawa wameshazoea nyama ya samaki. Mnaona tumekuwa tukimwalika mgeni kwa chakula gani?"

"Ini," alisema Chiriku, na ghafla macho yakamwaka. "Na yeye anapenda samaki! Tumtegee samaki!"

Hapo hapo honi ililia langoni. Gari lenye matangi liliingia taratibu. Dereva alishuka, akasikiliza, akakuna kichwa. "Vifaranga wangu wana hewa ya kutosha kwa muda mfupi tu, Mwalimu. Nitawasubiri hadi jua lifike juu ya paa lile. Likipita, naondoka. Siwezi kuwaua vifaranga."

Sasa kila mtu alifanya kazi. Kobe alikata kipande kirefu cha nyama ya ubavu kutoka kwa kambale aliyepasuliwa, akakiacha na ngozi yake ili kisichanike. Shangazi alikuja na kile kisanduku cha bati.

"Vua wewe, shangazi," Chiriku alimsihi. "Muda ni mdogo."

"Bwawa hili mnalijua nyinyi. Mimi nina bomba langu." Lakini alifungua kisanduku mbele yao. "Chagueni."

Chiriku alipitisha kidole juu ya ndoana. Hakuchukua iliyong'aa. Alichukua ya mviringo iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza, akapima pengo lake kwa kidole gumba, akawaza upana wa kichwa kile. "Hii," alisema. Kobe aliuchoma kwa ndoana mwisho mmoja wa kile kipande cha nyama mara moja tu, mwingine ukabaki ukipepea, na ncha ikawa wazi.

Chiriku alirusha karibu na matete. Chubwi ilizama. Hakuna aliyepiga ndoo. Hata kiranja mkuu alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anatazama mshipi.

Jua lilikaribia paa.

Mshipi ulisogea kidogo, ukaacha. Ukasogea tena, ukanyooka, ukaanza kwenda, kwenda, kwenda, na fimbo ikapinda hadi ncha yake ikagusa maji.

"Sasa," alinong'ona Kobe.

Chiriku aliinua. Ilikuwa kama amenasa bwawa zima. Samaki alienda kushoto, Chiriku akaburutwa kushoto. Alienda kulia, wote wawili wakaburutwa kulia, maana Kobe alikuwa ameshamshika kiunoni. Maji yaliruka hadi kwenye shati la Mwalimu Mkuu, naye hakujali, alikuwa anapiga kelele kama mtoto wa chekechea: "Usimwachie! Usimwachie!"

"Akivuta, mpe kidogo!" alisema Shangazi, na bomba lake lilikuwa limesahauliwa kabisa. "Akipumzika, mlete!"

Chiriku alimpa, akamleta. Alimpa, akamleta. Mikono ilimwaka, viganja vikamtoka malengelenge. Hatimaye kile kichwa kilijitokeza karibu na ukingo, sharubu zikitikisika. Wavu wa mkono haukumtosha. Kiranja mkuu aliruka majini na nguo zake, akapitisha gunia chini ya samaki, na watu watano wakalivuta nje.

"Msimshike pembeni mwa kichwa!" Mwalimu wa Sayansi alionya. "Mapezi yake yana miiba. Mfunikeni kwa gunia lenye maji."

Alikuwa mrefu kama benchi la darasani. Watoto walisukumana kumtazama. Kisha shangwe iliyopigwa iliwafanya kuku wa jirani wakimbilie bandani.

Lakini Mwalimu wa Sayansi hakumruhusu dereva afungue matangi. Aliwaambia wote watulie, wakarusha pumba, wakatazama maji. Perege walipanda, kwanza wawili watatu, kisha kundi zima, wakila bila kuogopa. Matete yalitulia. Hakuna kichwa kilichojitokeza. Shangazi naye alishaziba mdomo wa mfereji kwa wavu mpya wa waya, mzito, uliokazwa kwa boliti.

"Sasa mnasemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Tayari!" darasa liliitikia.

"Chiriku, wewe unasemaje?"

Chiriku alikagua maji kwanza, toka ukingo huu hadi ule. "Tayari, Mwalimu."

Walipokwisha kusogea karibu na gari, Mwalimu wa Sayansi aliwakusanya. Sauti yake haikuwa ya darasani.

"Mmejifunza mengi wiki hii. Mmejua ndoana gani inafaa mdomo upi, chambo kipi kinashika na kipi kinayeyuka. Hayo ni maarifa, na mtu yeyote mwenye bidii atayapata akikosea na kujaribu tena, kama mlivyofanya. Lakini bidii hiyo yote ingepotea asubuhi ya leo kama mtu mmoja asingekubali kusema kweli wakati kweli hiyo ilimnyima sifa. Kusema 'bado' wakati kila mtu anaimba 'tayari' ni kugumu kuliko kumvuta samaki huyu. Mwenzenu ameweza. Siku moja itakuwa zamu yako, na yako, na yangu pia. Tukumbuke kwamba kazi huisha pale inapokuwa imeisha kweli, si pale tunapochoka au tunapopigiwa makofi."

Kiranja mkuu, bado akidondosha maji, alimnyoshea Chiriku mkono. Alitaka kusema jambo, likamkwama. Chiriku aliupokea mkono huo na kuutikisa kwa nguvu.

Dereva alifungua tangi la kwanza, akawapa ndoo. Chiriku na Kobe waliibeba pamoja hadi ukingoni, wakaiinamisha polepole, na mamia ya vifaranga wadogo kama mbegu wakatelezea majini, wakatawanyika huku na huku, wakiliingia bwawa lao.